Mwaka Tulioamriwa Kuchagua Mbwa

Sina ugomvi na serikali yangu. Naanza na hilo kwa sababu katika nchi yetu mtu akianza na jambo jingine huulizwa kwa nini hakuanza na hilo. Habari ya mbwa nitaieleza kama ilivyotokea, jambo baada ya jambo, na msomaji mwenye haraka ya kuhukumu namwomba anisubiri nifike mwisho. Mimi mwenyewe nilisubiri sana.

Ilianza na safari. Mkuu wetu wa Nchi, ambaye hupenda kwenda kuwajulia hali wakuu wenzake, alizuru nchi mbili za baridi kwa mkupuo mmoja. Kwenye nchi ya kwanza walimpa mbwa. Nchi ya pili waliposikia wenzao wametoa mbwa, nao wakatoa mbwa. Yule wa kwanza alikuwa mweupe, manyoya yanaburuza chini, wa aina iitwayo Hurviki. Wa pili alikuwa mwekundu, mwembamba, masikio yamening'inia kama soksi zilizoanikwa, wa aina iitwayo Peldrosi. Redio ya taifa ilitueleza kwa fahari kwamba hata huko kwao mbwa hawa ni adimu, na kwamba wote wawili ni wachapakazi wasiojua kukaa. Asipokimbizwa asubuhi na jioni, Hurviki hutafuna milango. Peldrosi huchimba mpaka afike chini ya msingi wa nyumba.

Sasa, nchi yetu ina sheria ya zamani inayosema kwamba zawadi anayopewa Mkuu wa Nchi ni zawadi ya wananchi wote. Ilitungwa na watu wenye nia njema, ili wakuu wasije wakajaza majumba yao saa za dhahabu na mazulia. Saa na mazulia sheria hiyo haijawahi kuvigusa. Lakini safari hii Mwanasheria Mkuu aliisoma upya, akagundua kwamba ikiwa mbwa hao ni wa kila mwananchi, basi kila kaya isiyo na mbwa wa namna hiyo imedhulumiwa. Serikali haiwezi kukaa kimya wananchi wanadhulumiwa. Ikaamuliwa kila kaya ipate mbwa.

Na kwa kuwa sisi ni nchi huru, hatukupangiwa mbwa. Tuliachiwa tuchague wenyewe, Hurviki au Peldrosi.

Kibali cha kuwaleta alipewa shemeji yake Mkuu. Zabuni ilitangazwa kwa haki kabisa. Wengine hawakuomba kwa sababu ilitangaziwa sebuleni.

*

Ziligawiwa kofia. Waliompenda Hurviki walivaa nyeupe, waliompenda Peldrosi walivaa nyekundu, na kwa kuwa wengi wetu hatukuwa na kofia yoyote, tulizipokea kwa shukrani na kuzivaa shambani. Ndani ya majuma machache watu waliokuwa wakiazimana chumvi walikuwa hawasalimiani. Fundi cherehani wa kata yetu alihama chumba cha mkewe kwa ajili ya Hurviki, mnyama ambaye hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwona.

Wabunge walifanya mdahalo redioni. Wa upande mweupe alisema Hurviki ana utii wa kizalendo. Wa upande mwekundu akajibu kwamba utii bila akili ni utumwa, na kwamba Peldrosi anaweza kujifunza amri mia kwa lugha ya kwao. Wakabishana kuhusu umbo la mkia mpaka jua likazama. Mwishoni ilipokewa simu ya mwananchi mmoja.

"Samahani waheshimiwa, je, kaya ambayo haihitaji mbwa?"

Halafu, kwa mara ya kwanza jioni ile, waheshimiwa wawili wakasema kitu kimoja.

"Hilo ni swali zuri, ndugu msikilizaji, lakini liko nje ya mada."

*

Jirani yangu ni Mama Kidawa. Ni mjane, ana watoto watatu, Kidawa mwenyewe na wadogo zake wawili, na shamba la mahindi linalopakana na msitu. Shamba lile ndilo chakula chao cha mwaka mzima. Hakuna jingine, wala hakuna ndugu wa kuwatumia gunia. Na msituni kuna nguruwe pori, ambao wakipata nafasi humaliza kazi ya msimu mzima kati ya magharibi na alfajiri.

Mama Kidawa alikuwa na mbwa wake tayari. Mbwa wa kienyeji, rangi ya vumbi, sikio moja limekatika. Kwetu mtu akichoshwa na maneno ya majirani hagombani nao, humpa mbwa jina analotaka wao walisikie, akawa anamwita kwa sauti kila siku. Mumewe alipokufa, kuna walionong'ona kwamba mjane yule hatafika mbali. Mbwa wake akamwita Semeni. Semeni ndiye aliyewazuia nguruwe miaka yote ile. Hakuwa na nguvu za kuwashinda. Alikuwa na kelele, na alijua mahali pa kuzipigia.

Mama Kidawa alikuja kwangu na vijitabu viwili vya wizara ili nimsomee. Si mtu wa kukurupuka. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kijitabu cheupe juu ya goti moja na chekundu juu ya jingine.

"Haya, jirani. Tuanze na huyu wa manyoya. Kazi yake nini?"

"Anakusanya paa wa kwenye theluji. Wakitawanyika, anawarudisha zizini."

"Mimi nina paa wa kwenye theluji?"

"Huna."

"Nina theluji?"

"Huna, dada."

"Haya, mwekundu."

Nikafungua. "Bwana akishampiga bata kwa risasi, bata akaangukia ziwani, huyu anaogelea kumchukua. Anamleta mdomoni bila kumtoboa."

"Bata wa nani?"

"Haikuandikwa."

"Nguruwe wameandikwa popote?"

Nikapekua vyote viwili kurasa zote, kwa sababu sipendi kusema hapana kabla ya kuhakikisha. Niliona ukurasa wa kuchana manyoya, ukurasa wa kuosha masikio, ukurasa unaoshauri familia iwe na uwanja mpana, jokofu na mtu mwenye nafasi. Nguruwe hawakuwamo.

"Basi mimi ninaye wangu," akasema Mama Kidawa, akavikunja vijitabu. "Hawa wote wazuri. Wakae kwao."

Nilimweleza kwamba kuna kipengele kidogo nyuma. Mbwa wa kienyeji, kilisema, watachafua mbegu ya wageni, kwa hiyo kila kaya ikipokea mbwa wake mpya itamkabidhi wa zamani kwa mgambo kwa ajili ya kuondolewa.

Halafu akauliza taratibu, "Na nisipochagua, si hakuna cha kupokea? Si ndiyo?"

Nilifikiri kwa makini. Nilisema ndiyo. Ilionekana kuwa hivyo.

*

Mimi na Mama Kidawa tulikosea kwa sababu tulisoma sheria kwa akili za nyumbani. Wizara ya Mifugo na Heshima ya Taifa ina namna yake ya kuhesabu. Katika nchi yetu kutosema kitu huhesabiwa kuwa kukubali. Ndivyo wanavyohesabu kura, ndivyo wanavyohesabu mikutano ya vijiji. Mtu aliyenyamaza alipoulizwa kuhusu Hurviki amemkubali Hurviki. Aliponyamaza tena alipoulizwa kuhusu Peldrosi, amemkubali na huyo.

Kwa hiyo Mama Kidawa aliletewa wawili.

Mtendaji wa Kata, Bwana Sengondo, alikuja nao mwenyewe nyuma ya pikapu. "Hongera, mama! Katika kata nzima ni wewe peke yako uliyeonyesha mapenzi kwa wote. Nimekuandika Kaya ya Mfano."

"Sijachagua, Mtendaji."

"Ndiyo maana."

"Nasema sikutaka hata mmoja."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nilinyamaza."

"Unaona sasa," akasema Bwana Sengondo kwa upole, kama anayemfundisha mtoto. "Ulinyamaza mara mbili."

Mgambo alikuwa Chimoto, kijana wa hapa hapa, mama yake anauza vitumbua karibu na zahanati. Semeni alimfahamu. Alimwendea akitikisa mkia, kwa sababu Chimoto aliwahi kumpa mifupa. Chimoto alimtazama Mtendaji. Mtendaji akatazama saa. Mtoto mdogo wa Mama Kidawa, mwenye miaka minne, aliuliza kama Semeni anaenda kuchomwa sindano, na dada yake Kidawa akamziba masikio kwa viganja kabla mlio wa bunduki haujatoka.

Sikusema kitu. Niliona kwamba huenda kulikuwa na sababu ambayo bado haijafafanuliwa.

*

Maisha na wageni yalikuwa na taratibu. Kila mbwa alitakiwa kula nyama kila siku. Sisi wa kata ile hula nyama sikukuu, na si kila sikukuu. Watu wakabuni njia. Nyama ilichemshwa, mbwa akala mnofu, kaya ikanywa supu. Wizara iliposikia ikatuma wakaguzi. Walipita asubuhi nyumba kwa nyumba na kijiti, wakichunguza kinyesi cha mbwa kuona kama nguvu zote za nyama zimemfikia mlengwa. Mwanaume mzima mwenye tai alichuchumaa uani kwangu akainuka akasema, "Hapa kuna udanganyifu. Huyu amepewa ugali."

Amri zilikuwa za kigeni, maana wanyama hawakujua lugha yetu. Tuliwekewa darasa la jioni. Wazee walijifunza kusema "kaa" na "lete" katika lugha mbili za baridi, ilhali zahanati yetu haikuwa na mtu wa kumsomea mgonjwa karatasi ya dawa.

Na kukimbia. Alfajiri na jioni, nchi nzima ilikuwa inakimbia nyuma ya mbwa. Walimu walifika madarasani wamelowa jasho wakalala juu ya meza. Wajawazito walipewa msamaha wa kutembea haraka. Mama Kidawa alikuwa na wawili; mweupe akivutia mtoni, mwekundu akivutia barabarani, naye katikati mikono imetanuka kama nguo kwenye kamba. Akirudi hana nguvu ya kushika jembe. Siku moja nilimkuta amekaa chini, minyororo imemkata viganja.

"Jirani," akaniambia, "nani anamfuga nani?"

Nilimwambia ni mapema mno kusema.

Mahindi yalipokomaa, nguruwe walikuja. Walisimama pembezoni usiku wa kwanza, nadhani wakisikiliza kelele walizozizoea. Hazikuwepo. Hurviki alikuwa amelala juu ya gunia lililoloweshwa maji, ulimi nje, joto la nchi yetu limemshinda. Peldrosi aliamka, kwa sababu Peldrosi huwa hasinzii. Akafanya kazi aliyofundishwa. Asubuhi Mama Kidawa alifungua mlango akakuta mahindi kama kumi hivi yamepangwa kizingitini, hayana alama ya jino. Mbwa alikuwa ameyaokota mahali nguruwe walipoyadondosha, na alikuwa amekaa pembeni yake, anangoja kusifiwa.

Yale ndiyo yaliyobaki ya shamba.

*

Mama Kidawa alikwenda ofisi ya kata kuomba chakula cha msaada. Nilimsindikiza. Bwana Sengondo alitupokea vizuri, akatupa viti.

"Mama, umekuja wakati mzuri. Mgao umefika jana."

"Mungu akubariki. Wa mahindi?"

"Wa biskuti. Zile nchi rafiki zimesikia kwamba mbwa wao wanapungua mwili, zimesikitika mno. Meli nzima. Kila mbwa aliyeandikishwa ana gunia lake. Wewe una wawili, una bahati, chukua mawili."

"Na watoto wangu?"

Mtendaji akapekua makaratasi, nadhani kwa kumwonea huruma, maana alijua hakuna kitu. "Watoto wako hawamo kwenye mpango, mama. Mpango una jina lake. Mimi siwezi kuweka mtoto kwenye mpango wa mbwa, nitafungwa."

"Kwa hiyo mbwa ale, wanangu watazame."

"Mimi sijasema watazame," akasema Bwana Sengondo, ameumia kidogo. "Mimi nimesema hawamo."

Yale magunia yalikuwa yamechorwa mbwa anayecheka. Sitaeleza Mama Kidawa aliyafanya nini nyumbani kwake. Nitasema tu kwamba kila asubuhi niliona moshi, kwamba biskuti zile zikiloweshwa maji ya moto huwa uji wa kahawia, na kwamba mtoto yule mdogo alianza kuumwa tumbo. Mbwa nao walikonda. Mkaguzi alipita na kijiti chake akaandika kwamba katika Kaya ya Mfano wanyama wananyimwa haki yao, na kwamba ikirudiwa mama atashtakiwa kwa wizi wa msaada wa kimataifa.

*

Ndipo Waziri alipokuja.

Mheshimiwa Kibwana Matesha, Waziri wa Mifugo na Heshima ya Taifa, alikuwa akizunguka nchi kusherehekea mafanikio. Mkutano ulifanyika uwanja wa shule. Tulikaa weupe huku, wekundu kule. Spika ziliwekwa, redio ya taifa ikarusha moja kwa moja, turubai likafungwa juu ya viongozi, na juu ya mbwa wa viongozi turubai jingine.

"Wananchi!" akasema Waziri. "Wako wanaotubeza. Wanasema, barabara ziko wapi? Wanasema, dawa ziko wapi? Mimi nawauliza wao: mbwa wenu wako wapi? Nchi ngapi duniani mwananchi wa kawaida anamiliki mbwa ambaye hata tajiri wa Ulaya hajawahi kumwona? Leo mkulima wa kata hii akiamka anaulizwa na dola: wewe unataka nini? Huu ndio uhuru, ndugu zangu! Uhuru ni kuchagua!"

Tukapiga makofi. Ni desturi.

Kisha akaitwa Mama Kidawa, Kaya ya Mfano, aje atoe shukrani. Mtendaji alikuwa amemfundisha maneno. Alipanda jukwaani na watoto wake watatu, mdogo akiwa mgongoni ingawa umri wa kubebwa ulikuwa umempita. Mbwa wake wawili walifungwa kwenye mguu wa meza.

"Mama," akasema Waziri, akimsogezea kipaza sauti, "wewe uliyeishi na wote wawili, waambie wenzako. Yupi bora?"

"Mheshimiwa, sijui. Nina ombi."

"Sema, mama. Serikali ni sikivu."

"Naomba mimi na wanangu tuandikishwe."

"Kwenye nini?"

"Kwenye mbwa. Tuandike weupe au wekundu, sisi hatuchagui. Tule mgao kihalali, mkaguzi asitusumbue. Kukimbia tunaweza. Huyu mkubwa anakimbia vizuri sana."

Uwanja ulicheka. Nilicheka na mimi, naomba radhi. Hata Waziri alicheka, akaona hapa kuna mzaha utakaopendeza redioni. Akamgeukia daktari wa mifugo wa wizara aliyekuwa amekaa nyuma yake.

"Daktari, hebu wapime! Tuone kama wamefikia viwango!"

Daktari ni mtu wa kutii. Alitoa kipimo chake cha utepe, akapima mguu wa Kidawa, akapima masikio ya yule wa kati, akamwinua mdogo mdomo wa juu akatazama meno. Kidawa alisimama wima anatazama mbele. Kicheko kilikuwa kinapungua, kama maji yanayoishia mchangani. Daktari alinyoosha mgongo, akaegemea kipaza sauti.

"Hawajafikia, mheshimiwa. Hawa ni wa kienyeji."

Aliyatamka kwa sauti ya kazi tu, jinsi alivyoyatamka mara elfu mwaka ule.

Mama Kidawa alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesomewa kitu alichokijua. "Wa kienyeji," akasema. "Na wa kienyeji mmekuwa mkiwafanyaje?"

Akageuka, akaangaza macho kwenye umati.

"Chimoto! Si upo hapo, mwanangu? Njoo na bunduki yako." Chimoto alikuwa chini ya jukwaa. Hakuja. Mama Kidawa akamgeukia Waziri. Hakupaza sauti, spika zilimpazia. "Mheshimiwa, tuko wanne. Sheria ni yenu, mimi siibishii. Nakuuliza tu, nani aanze? Mimi, au huyu mgongoni? Chagua. Si umesema ndio uhuru? Chagua, baba, tunakungoja."

Waziri alitazama karatasi zake. Aligeuza moja, akageuza nyingine. Aliyemwandikia hotuba hakuwa ameandika hapo. Fundi mitambo wa redio alichomoa waya, lakini kwa wasiwasi wake akachomoa wa muziki, na nchi nzima ikasikia kimya kile, na ndani yake mtoto anakohoa.

"Ufafanuzi," akasema Waziri, "utatolewa."

Akateremka.

Nilisema mwanzo kwamba sina ugomvi na serikali yangu, na kwamba mimi si mwepesi wa kuhukumu. Nilikuwa nimengoja sababu mwaka mzima. Niliingoja Semeni alipopigwa, niliingoja mbele ya shamba tupu, niliingoja nikiona moshi wa uji ule. Siku ile nilimtazama mtu mzima mwenye shahada akimrudishia mtoto mdomo wake wa juu na kufuta vidole kwenye leso, nikafahamu kwamba sababu haikuwepo, haikuwahi kuwepo, na kwamba walijua haipo.

Gari la Waziri liliwashwa. Kutoka shuleni kwenda mjini kuna barabara moja, na watu walikuwa wamesimama juu yake. Sikumbuki nani alitangulia. Walikuwamo wa kofia nyeupe na wa kofia nyekundu; fundi cherehani alikuwepo na mkewe alikuwepo. Chimoto alikuja akasimama nasi, bunduki kaiacha chini ya jukwaa.

Dereva alipiga honi. Waziri akateremsha kioo, akatoa mkono wenye saa ya dhahabu, akatuonyesha kingo mbili za barabara.

"Sogeeni pembeni, wananchi. Kulia au kushoto, popote mnapotaka. Chagueni wenyewe."

Mama Kidawa alimshusha mtoto mgongoni, akamkalisha katikati ya barabara, akakaa karibu naye. Nami nikakaa.